Cherehani Iliyoganda Haijafa

Kuna picha zinazosambaa mitandaoni ambazo zinaniuma kila nikiziona. Kichwa cha cherehani ya Singer kimepuliziwa rangi ya dhahabu kuanzia gurudumu hadi bamba la usoni. Rangi imeingia kwenye meno yanayosukuma kitambaa, imeziba matundu ya mafuta, imefunika nambari. Kimewekwa juu ya meza ya ukumbi wa harusi katikati ya maua ya plastiki, na chini ya picha watu wanamimina sifa. Picha nyingine ni ya stendi iliyogeuzwa meza ya mkahawa au sinki la kunawia mikono. Mtu akiuliza kichwa kilikwenda wapi, jibu halibadiliki: kilikuwa kibovu, gurudumu lilikuwa halizunguki, tukawauzia watu wa skrepa kwa kilo.

Gurudumu halizunguki! Basi hukumu ya kifo imeshatolewa, na mara nyingi mno hukumu hiyo ni ya uongo. Cherehani ya pedeli au ya mkono, iwe Singer ya toleo la 15, 28, 66, 99 au 201, iwe Butterfly ya Shanghai iliyofuata umbo la Singer 15, ndani yake mna shafti, mikono, nati na skrubu, vyote chuma. Hamna plastiki ya kupasuka wala saketi ya kuungua. Uzee peke yake hauna mahali pa kuishika. Kinachoishika ni mafuta yaliyokauka yakawa gundi, na gundi hutolewa.

Mafuta halisi ya cherehani ni mepesi, ya madini, meupe kama maji. Yakikaa miaka mingi bila kuguswa, yakachanganyika na vumbi la pamba, nayo huwa mazito, lakini hulainika haraka. Balaa kubwa ni mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti yakiwa utando mwembamba juu ya chuma huungana na hewa, yakawa ngozi ya kahawia inayonata, kisha ngumu kabisa, kama ile inayobaki pembeni mwa kikaango kisichosuguliwa. Ya nazi yana kisa chake: Dar yanaweza kubaki maji sehemu kubwa ya mwaka, lakini ipeleke cherehani hiyo Iringa au Lushoto na asubuhi moja ya Julai utaikuta imesimama, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Oili ya injini nayo ni nzito mno kwa matundu madogo kiasi hiki. Mwenye cherehani aliyetia alizeti miaka 20 iliyopita hakuiua. Aliifunga tu, na aliyeipeleka kwenye mizani ya skrepa ndiye aliyeiua.

Kabla ya kutia chochote, jua kwanza kilichoshikwa ni nini. Vua mkanda. Zungusha gurudumu la kichwa kwa mkono, upande wa juu ukija kwako. Likiwa jepesi, kichwa ni kizima na ugonjwa uko chini, kwenye stendi. Likiwa zito, legeza kitasa cha katikati ya gurudumu, kile cha kulegeza wakati wa kujaza bobini, kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Gurudumu likizunguka peke yake huku sindano imetulia, uzito uko ndani ya kichwa. Sasa kaza tena ulisikilize kwa mkono. Gurudumu linalokwenda vizuri kisha likagonga mahali palepale kila mara halina gundi: kuna uzi uliobanwa kwenye ndoana ya chini, ile inayonasa uzi wa sindano, au sindano inagonga bamba. Gurudumu lililo zito sawasawa mzunguko mzima, au lisilosogea hata kidogo, hilo ndilo la gundi.

Dawa yake ni mafuta ya taa. Hata vitabu vya maelekezo vya Singer vyenyewe viliandika hivyo: cherehani ikiwa nzito baada ya kukaa bila kazi, itiwe mafuta ya taa, iendeshwe haraka, ifutwe, kisha itiwe mafuta yake. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara. Toa sindano, mguu wa kukandamiza, bobini na kesi yake. Fungua bamba la usoni upande wa kushoto, fungua na kile kifuniko cha mviringo mgongoni mwa mkono wa cherehani. Vyote viwili hushikwa na skrubu. Laza kichwa nyuma kwenye bawaba zake, ukiegemeze kwenye kitu imara kisije kikaanguka. Iache juani saa moja au mbili kwanza, maana chuma kikipata joto gundi hulegea. Moto wa jiko au wa mshumaa usiukaribishe kabisa: rangi itapasuka, na mafuta ya taa yanawaka.

Chukua sirinji. Tia matone mawili au matatu kwenye kila tundu la juu, kisha usiishie kwenye matundu. Popote chuma kinaposugua chuma panahitaji tone: juu na chini ya fimbo ya sindano, kwenye fimbo ya mguu, kwenye maungio ya mkono unaovuta uzi, kwenye panda inayoonekana ukichungulia lile tundu la mgongoni, nyuma ya gurudumu shafti inapoingia mwilini, na chini kule kwenye ncha za skrubu zinazoshikilia shafti za meno. Sehemu hizi mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazowafanya watu waseme "nimetia mafuta kila mahali bado ngumu". Iache mpaka kesho yake. Asubuhi jaribu kusogeza gurudumu mbele na nyuma kwa mkono tu. Likisogea hata unene wa ukucha, umeshashinda, ongeza matone uendelee kulitikisa.

Usifunge spana wala bomba kwenye gurudumu ili upate nguvu. Gurudumu ni chuma cha kusubu, huvunjika bila kupinda, na kabla halijavunjika huenda ukawa umeshapinda kiungo cha ndani ambacho huwezi kukinyoosha. Nyundo iache sandukuni. Gundi ya mafuta ya kupikia inaweza kuhitaji wiki nzima ya kutia, kungoja na kutikisa, na wiki moja si kitu kwa mashine itakayoshona miaka mingine 50.

Ikishaachia, rudisha mkanda uliouvua, iendeshe kwa kasi bila uzi kwa dakika kadhaa. Utaona maji meusi au ya kahawia yakichuruzika kila kona. Futa, tia tena mafuta ya taa, endesha tena, mpaka yatoke safi. Halafu siku hiyohiyo tia mafuta ya cherehani, tone moja au mawili kila mahali ulipotia mafuta ya taa. Hapa wengi hujiharibia kazi nzuri. Mafuta ya taa yanasafisha lakini yanaacha chuma kikavu, na chuma kikavu Tanga, Lamu au Unguja hakichelewi kushika kutu. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati nazo ni vivyo hivyo: zinalegeza, kisha zinakauka. Si mafuta ya kuendeshea mashine.

Ikiwa tatizo ni lile la kugonga mahali palepale, kazi ni fupi zaidi. Kwa Singer 15 na Butterfly, nyanyua sindano mpaka juu kabisa, toa kesi ya bobini, kisha geuza pembeni vile vibano vidogo vinavyoshika pete ya nje. Pete itatoka, na nyuma yake ndoana yenyewe, umbo la mwezi mchanga. Tazama mle ndani kwa tochi. Uzi uliobanwa kati ya ndoana na ukuta wake unakuwa umeshindiliwa mpaka unang'aa, unaweza kudhani ni chuma. Utoe kwa ncha ya sindano na kibano, usiukwangue kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye njia ya ndoana utakata uzi maisha yote. Ncha ya ndoana ikiwa na ukali usio wake, ipitishie msasa laini kabisa wa namba 1500, kwa wepesi, mara chache. Futa, tone moja la mafuta, rudisha, hakikisha vibano vyote vimekaa.

Fungua na bamba la meno. Chini yake huwa kuna vumbi la vitambaa lililogandamana likawa kama kipande cha blanketi, na hilo peke yake linaweza kuzuia meno yasipande vya kutosha. Mtu anasema meno yamekwisha, kumbe yamezikwa. Ling'oe vipande vipande kwa sindano kubwa, maliza kwa mswaki.

Cherehani ikishazunguka, watu hukimbilia kuilaumu kwa kuruka mishono, nayo haina kosa. Weka sindano mpya. Si ile iliyokuwemo, si ile iliyookotwa kwenye droo. Mashine hizi nyingi, pamoja na 15, 66, 99 na 201, hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani ya 15x1, ambayo pia huandikwa 130/705H. Ile 28 ya zamani yenye bobini ndefu ndani ya chombo chenye umbo la risasi nayo hutumia sindano hiyohiyo. Namba 14, yaani 90, inatosha kwa kitenge na pamba nyingi. 11 kwa vitambaa vyepesi. 16 mpaka 18 kwa kaki na jinzi. Ipandishe mpaka igonge mwisho ndipo ukaze. Upande bapa una mahali pake: kwenye Singer 15 na jamaa zake unatazama kushoto, na uzi unaingia kutoka kulia. Kwenye 66 na 99 ni kinyume. Ukisahau, angalia mfereji mrefu wa sindano, uzi huingia kwa upande ule wenye mfereji. Sindano za mashine za kiwandani zenye shina la mviringo ni marufuku humu. Zinaingia, ndiyo, lakini hazikai mahali ndoana inapozitarajia.

Ukiwa na sindano sahihi na bado inaruka, hapo tena tazama urefu wa fimbo ya sindano. Kwenye Singer 15 fimbo ina mistari miwili iliyochongwa. Sindano ikiwa chini kabisa, mstari wa juu uwe sawa na ukingo wa chini wa tundu fimbo inamopita. Endelea kuzungusha mpaka mstari wa pili ufike hapohapo, na wakati huo ncha ya ndoana iwe imeifikia sindano, juu kidogo ya jicho lake, kama milimita moja na nusu. Isipokuwa hivyo, fimbo imeteleza, kwa kawaida baada ya kugonga pini au zipu. Skrubu yake iko nyuma ya bamba la usoni. Usiiguse kabla hujahakikisha mistari, kwa sababu wengi hulegeza skrubu hiyo kutafuta tatizo lililokuwa la sindano ya zamani.

Tensheni, yaani mkazo wa uzi, nayo inasingiziwa mno. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, kosa liko juu. Vikitokea juu, kosa liko chini. Vya chini ndivyo vya kila siku, na sababu yake kubwa ni kuvusha uzi mguu ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini visahani vya tensheni vimefumba, uzi unapita juu yake badala ya kati yake. Nyanyua mguu, ndipo uvushe uzi. Ukivifungua visahani kuvisafisha, piga picha kila hatua, na kumbuka migongo yao ndiyo inayogusana. Chini, pitisha pembe ya karatasi chini ya kile kipande chembamba cha chuma kwenye kesi ya bobini, kwa kuwa bonge dogo la vumbi hapo linaondoa mkazo wote. Kisha shika uzi, iache kesi ining'inie na bobini yake. Isianguke kwa uzito wake. Ukiitikisa kidogo ishuke sentimita chache isimame. Skrubu yake ndogo igeuze robo ya mzunguko tu kwa mara moja, na uweke kitambaa cheupe chini, maana ikidondoka sakafuni imekwenda.

Sasa nirudi kwa wenye rangi ya kupuliza, na wenye spiriti pia. Weusi ule unaong'aa wa Singer ni laka nyeusi, na juu yake, nakshi za dhahabu zimelindwa kwa ngozi nyembamba ya vanishi ambayo spiriti inaiyeyusha. Pamba moja yenye spiriti, mpito mmoja, na nakshi iliyodumu miaka 90 imebaki kwenye pamba. Sabuni kali za kusafishia vioo zina balaa hilohilo. Kinachosafisha mwili ni mafuta yaleyale ya cherehani na kitambaa laini cha pamba. Paka, acha nusu saa, futa, rudia. Uchafu wa kahawia unatoka, dhahabu inabaki. Dhahabu ikiwa imeshachubuka pale mikono ilipokuwa ikipita, iache hivyohivyo. Rangi mpya haiongezi mshono hata mmoja, na ikiingia kwenye matundu inaondoa yote.

Ukitaka kujua umri wake, soma nambari kabla hujasikiliza hadithi za muuzaji. Herufi F, Y au EA na ndugu zake zinaonyesha kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980. K kwenye jina kama 15K au 99K ni Kilbowie, hapohapo Clydebank. Y ni za miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Kiwanda hicho mwaka 1913 pekee kilitoa zaidi ya mashine milioni moja, kwa hiyo anayekuambia Singer yake ni adimu duniani ndiyo maana bei iko juu, mwache na Singer yake. Thamani yake ni kwamba inashona.

Na ile habari kwamba ndani ya cherehani za zamani mna zebaki nyekundu ya thamani kubwa, nayo ife. Mwaka 2009 Saudi Arabia ilipata wazimu huu: Singer za zamani zilitangazwa mpaka riyali 200,000, watu wakizisogezea simu karibu na sindano eti simu ikikatika zebaki imo. Haimo. Hamna zebaki ya rangi yoyote ndani ya cherehani. Atakayekifungua kichwa kuitafuta ataishia na ndoo ya skrubu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mashine mpya za umeme zina mambo ambayo hizi hazina. Nyingi za hizi hazina zigizaga, hazifai kwa vitambaa vinavyovutika, na za zamani zaidi hazirudi nyuma, inabidi ugeuze kitambaa au ufupishe mshono mwishoni. Anayeshona tisheti akanunue ovaloki. Lakini kwa sare za shule, kanzu, mashuka, mapazia, gauni la kitenge na suruali ya kaki, mshono ulionyooka ndio kazi yenyewe, na hapo umeme ukikatika hakuna kinachosimama.

Ndiyo maana nawasihi pia wanaofunga mota. Mota ndogo ya nyumbani sawa. Mota nzito ya kiwandani juu ya kichwa cha Singer 15 inaizungusha kwa kasi ambayo haikutengenezewa, shafti zinalika, na baada ya miaka michache mnasema tena ni kuukuu. Pedeli ikiwa nzito, tatizo ni la stendi: tia mafuta kwenye fimbo inayounganisha pedeli na gurudumu kubwa, kwenye ncha zinazoshikilia pedeli, kwenye ekseli. Mkanda wa ngozi wa mviringo, unene wa karibu milimita 5, ukateni kidogo kidogo. Ukiteleza, punguzeni sentimita moja. Ukiwa umekazwa kama uzi wa gitaa unavuta shafti upande mmoja na kuchosha miguu bure.

Pwani, ifunikeni kwa kitambaa, si kwa nailoni, kwa sababu nailoni inafungia unyevu ndani. Hata kama hamna cha kushona, izungusheni kila wiki mbili.

Kuna kichwa ambacho kweli kimekwisha: mkono uliopasuka baada ya kuanguka, au mwili uliokaa kwenye mafuriko mpaka kutu ikala njia ya ndoana. Hapo sibishani. Lakini hata hicho kisipelekwe kizima kwenye skrepa wala kwenye rangi. Toeni kesi ya bobini, ndoana, mguu, visahani vya tensheni na spiringi yake, bamba la meno, kitasa cha gurudumu pamoja na ile washa yake, kipete bapa chenye masikio. Na toeni skrubu zote, mziweke kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Singer ilikata hesi za skrubu, ile mifereji inayozunguka, kwa vipimo vyake yenyewe, skrubu za dukani haziingii, na mahali fulani kuna fundi ambaye cherehani yake imesimama kwa kukosa moja tu ya hizo. Mkishamaliza, stendi ifanyeni meza mkitaka.